Kijana wangu anakunywa Tramadol na ameanguka kama mtu wa kifafa, nimfungie ndani?

"Dokta, jambo. Niko mama wa watoto tano, tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Kijana yangu wa pili iko na miaka 23, ni motari. Mwaka uliopita alipata aksida ya moto (pikipiki), mguu ikavunjika, hospitali wakamupatia Tramadol juu ya maumivu. Mguu ilipona lakini dawa hakuacha. Sasa anainunua mwenyewe, nakuta plakete tupu za vidonge ndani ya mfuko wa jaketi, na jioni anachanganya na kanyanga (pombe kali ya kienyeji) pamoja na wenzake wa parkingi. Anasema bila hiyo hawezi kufanya kazi. Wiki iliyopita, asubuhi, alianguka mu uwanja, akatetemeka mwili yote, povu mdomoni, akajikojolea. Jirani wakasema ni karuho (sumu), tukamupa maziwa. Kwenye chumba ya maombi wakasema ni pepo, afunge siku tatu bila kula. Mjomba wake anasema tumufungie ndani na kufuli mpaka dawa itoke mu damu. Mwenyewe anasema hii ni dawa ya famasi, haiko bangi, haiwezi kumuua. Kuna dawa naweza kumutilia mu chakula bila yeye kujua, ili aache? Ama mtoto yangu alishapotea? Nisaidie, silale."

Mama, jambo sana. Nimesoma barua yako mara mbili, na kwanza asante kwa kueleza yote bila kuficha, ile ya kanyanga, ile ya kujikojolea, ile ya pepo, maana wazazi wengi wanakuja wakiwa wameficha nusu ya habari kwa sababu ya haya, na ile nusu iliyofichwa mara nyingi ndo yenye jibu. Unauliza kama huyu kijana anaweza kuacha, kama umfungie, na kama kuna dawa ya siri. Nitajibu yote, ila inabidi nianze na jambo ambalo hukuliuliza kabisa, juu ndo la haraka kuliko yote.

Kijana ameanguka na kutetemeka mwili mzima, na kwenye barua yako sioni mahali alipoonwa na dokta baada ya hapo. Mama, apelekwe wiki hii, hata kama leo anaonekana mzima, anakula na kucheka na wadogo zake. Tramadol ikizidi mwilini inaleta degedege, hilo linajulikana vizuri, na mimi pia ndo ninayoishuku ya kwanza, lakini siwezi kukaa huku nikakuhakikishia kwa barua kwamba ni hiyo peke yake. Motari aliyepata aksida anaweza kuwa aligonga kichwa siku ile ile na watu wote wakaangalia mguu. Malaria kali inaleta degedege. Sukari ikishuka kwenye damu inaleta degedege, na Tramadol yenyewe inaweza kuishusha, sasa ongeza hapo mtu aliyekunywa kanyanga usiku akalala bila kula. Hata tegu wa nguruwe anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa kwa mtu mzima. Kipimo cha malaria na cha sukari ni tone la damu la kwenye kidole tu, na baada ya hapo dokta akimchunguza ataona kama kuna haja ya kwenda mbele zaidi.

Mpaka aonwe, asiendeshe moto. Najua hapo nimegusa chakula cha nyumba, na najua mwenye moto anangoja pesa yake jioni hata kama siku ilikuwa mbaya, na tangu vita ifike mjini Februari 2025 hakuna mtu Bukavu asiyejua vile pesa imekuwa ngumu. Lakini degedege haitoi taarifa. Inaweza kumkuta kwenye mteremko na mama mwenye mtoto mgongoni amekaa nyuma yake, halafu tutakuwa tunaongea mambo mengine kabisa. Zungumzeni na rafiki yake mmoja anayeaminika aiendeshe kwa muda na wagawane kinachobaki, motari wengi wanafanya hivyo mmoja wao akiumwa. Dokta ndiye atakayesema arudi lini.

Akianguka tena kabla hujafika hospitali, fanya hivi. Toa mawe na vitu vigumu karibu yake, weka kitambaa au jaketi chini ya kichwa, legeza shingo ya shati, mlaze kwa upande ili povu na mate vitoke nje visirudi kwenye mapafu. Usimtie kijiko mdomoni, wala mti, wala kidole chako, ulimi haumezwi, ila meno yanavunjika na vidole vya watu vinakatika. Usimshike kwa nguvu. Na tafadhali msimkimbie, najua kwetu kuna watu wanaogopa kugusa povu ya mtu wa kifafa eti wataambukizwa, hiyo haiambukizi hata kidogo. Angalia saa kwenye simu. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akimaliza akaanza tena kabla hajaamka vizuri, hapo ni kubeba na kukimbia hospitali, hata iwe saa nane ya usiku. Na asipewe kitu cha kunywa mpaka awe amerudi kwenye akili zake.

Hapo ndo naingia kwenye yale maziwa. Ninaelewa kabisa kwa nini jirani walisema karuho, hapa kwetu Kivu kijana akianguka ghafla na povu mdomoni hilo ndo neno la kwanza linalotoka, na kila mtu anakimbilia maziwa. Lakini maziwa hayafuti Tramadol mwilini, na ukimmiminia mtu ambaye hajaamka yanapita njia ya hewa, anaweza kufa kwa maziwa yenyewe wala si kwa kile mlichokuwa mnaogopa. Mlifanya kwa upendo, silaumu mtu. Mara nyingine msifanye tu.

Sasa tuje kwa maneno yake mwenyewe, kwamba hii ni dawa ya famasi. Ni kweli, ni dawa. Iligunduliwa na kampuni ya Ujerumani inayoitwa Grünenthal, ikaanza kuuzwa kule mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kwamba inatuliza maumivu kama jamaa zake lakini bila kumtia mtu utumwa. Jamaa zake ni akina nani? Ni morfini, kodeini, na heroini. Tramadol inatoka kwenye ukoo huo huo, ila yenyewe ni dhaifu zaidi, na kwa sababu ya sifa hizo nzuri haikuwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya madawa yanayobanwa kama morfini. Ndo maana inavuka mipaka kirahisi na kuuzwa kwenye meza sokoni pembeni ya Paracetamol. Kwa hiyo kijana anapokwambia "haiko bangi" anasema ukweli, kwa kuzoeza mwili na kuusimamisha kupumua Tramadol ni hatari zaidi kuliko bangi, ingawa na bangi nayo siisifii, nimeona vijana waliochanganyikiwa nayo. Kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe au kutoka kwa mtu wa parkingi, mwili unaipokea namna moja.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa mengine yote yatakuja yenyewe. Ubongo wetu unatengeneza dawa zake wenyewe za maumivu, ndo maana mtu anaweza kujikata shambani na asisikie mpaka afike nyumbani. Dawa hizo zina mahali pake pa kukaa kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Tramadol inakuja kukaa mahali hapo hapo. Siku za kwanza maumivu yanapungua na moyo unakuwa mwepesi. Lakini ubongo ukiona kila siku kitu kinatoka nje unaacha kutengeneza cha kwake, kama kijiji kilicholetewa unga wa msaada muda mrefu mpaka watu wakaacha kulima, siku lori lisipofika njaa inakuwa kali kuliko ile ya kabla ya msaada. Huyo ndo kijana wako saa hii. Anaposema bila dawa hawezi kufanya kazi, usidhani anakudanganya au ni mvivu, asubuhi bila kidonge mifupa inamuuma, tumbo linamkata, jasho na baridi vinakuja pamoja, na akimeza kimoja yote yanaondoka ndani ya saa moja. Hakinywi tena ili asikie vizuri, anakinywa ili awe kama watu wengine.

Tena Tramadol ina tabia ya pili ambayo morfini haina, inazuia ubongo kurudisha kemikali zake mbili, serotonini na noradrenalini, zile zinazohusika na furaha, kuwa macho na nguvu za kazi. Hiyo ndo inayowavuta motari, wabeba mizigo wa sokoni, vijana wa kwenye machimbo. Mtu anashinda kwenye jua na mvua na mashimo ya barabara zetu, hasikii mgongo, hasikii njaa, anaona kama ana betri mpya. Na tabia hiyo hiyo ya pili ndo inayochangia degedege, ubongo unachochewa kupita kiasi mpaka umeme wake unaruka. Wanaokunywa bangi hawaanguki hivi, wa Tramadol wanaanguka, na wengi wanapelekwa kwa pepo kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wenzake wa parkingi hawalijui. Tramadol ikishamezwa, ini linaibadilisha kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi kuliko kile kilichomezwa, na kasi ya ini hilo mtu anairithi kwa wazazi wake. Kuna watu ini lao linabadilisha kwa haraka sana. Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kugawana plakete moja nusu kwa nusu, mmoja akarudi kazini akiimba, mwingine akalala na asiamke. Kusema "fulani anakunywa vitano na yuko mzima" hakumsaidii mtoto wako kitu.

Nenda uchukue ile plakete tupu uliyoikuta kwenye jaketi, mama, uigeuze upande wa fedha na usome namba. Jelule (kapsuli) za kawaida ambazo dokta anaandika zina miligramu 50, na mtu mzima mwenye afya nzuri, akifuatwa na dokta, hatakiwi kupita 400 kwa saa 24. Vidonge vinavyozunguka mitaani huku Afrika mara nyingi vina 200 au hata 225, na vingi vilitoka India mpaka serikali ya kule ilipoibana mwaka 2018, na bado vingine vinapita. Ukikuta 225, viwili tu ni 450, tayari amepita mpaka, na yeye anadhani amekunywa "viwili tu". Angalia pia kama kuna herufi LP baada ya namba, hizo ni za kuachia dawa pole pole mwilini, na vijana wanaozitafuna au kuzisaga wanapokea kwa mara moja kipimo kilichokusudiwa kwa masaa mengi. Na kama plakete haina jina la kampuni, wala tarehe ya kuisha, basi hata hiyo namba usiiamini.

Kanyanga. Hapo mama sitatumia maneno laini. Tramadol inapunguza pumzi, pombe inapunguza pumzi, na zikikutana kwa mtu aliyelala hakuna anayesikia kitu mpaka asubuhi. Kama na Valium iko ndani, na vijana wengi wanaiongeza ili walale, hatari inazidi tena. Usiku akirudi amelewa, pita umuangalie. Ukiona anakoroma kwa namna ya ajabu, anavuta pumzi moja halafu anakaa muda mrefu kabla ya nyingine, midomo na kucha zimekuwa za bluu au za kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, na ukimtikisa na kumwita jina haamki, huyo hajalala, huyo anakufa. Mlaze kwa upande, uite watu, mumpeleke. Hospitali waambie wazi ni Tramadol na kanyanga, usiogope kwamba watamwita polisi au watamcheka, kwa sababu kuna sindano inayoitwa naloksoni inayoweza kurudisha pumzi, ila kwa Tramadol inasaidia kwa sehemu tu na inaweza kuamsha degedege, sasa muganga asipojua ni nini kilichonywewa anakuwa gizani.

Sasa mjomba na kufuli lake. Naomba umwonyeshe sehemu hii aisome mwenyewe, maana najua anasema kwa uchungu wa mtoto wa dada yake.

Mtu wa Tramadol akikatwa ghafla, shida zinaanza ndani ya siku ya kwanza: miayo, machozi na mafua, jasho, ngozi kusimama, kuhara, miguu isiyotulia, usingizi hakuna kabisa. Kawaida yanapanda siku ya pili na ya tatu, halafu yanashuka, na wiki moja au kidogo zaidi mwili unatulia, ingawa usingizi na huzuni vinaweza kuvuta wiki nyingi. Hivyo ndo kwa watu wengi. Lakini karibu mtu 1 kati ya 8 wa Tramadol anapata vingine, woga mkubwa wa ghafla, kuona watu ambao hawapo, kusikia sauti, kuhisi wadudu chini ya ngozi. Mfungie mtu huyo peke yake kwenye chumba chenye kufuli, uone kama hatavunja dirisha au kujidhuru. Na majirani wakimsikia anapiga kelele na watu asiowaona, hapo neno la pepo litapata nguvu zaidi.

Tena umeandika kwamba alianguka asubuhi. Hilo limenifanya nisimame kidogo. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku, mwili wake ukikaa masaa tu bila pombe unaweza kuleta degedege, mara nyingi kati ya masaa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na baadaye unaweza kuja kutetemeka, homa, na akili kuchanganyika kabisa. Kuacha Tramadol ghafla kunatesa sana lakini mara chache kunaua. Kuacha pombe nyingi ghafla, au Valium ya kila siku, kunaweza kuua. Kwa hiyo swali ambalo dokta atauliza, na ninyi mjue jibu, ni hili: kanyanga anaikunywa kila siku ama siku za wikendi tu, na akikaa siku nzima bila hiyo mikono inatetemeka? Kama inatetemeka, huyo haachi akiwa nyumbani, analazwa, na wanampa dawa za kumshusha taratibu pamoja na vitamini B1.

Kufunga siku tatu bila kula, jibu ni lile lile. Mtu anayehara na kutoka jasho, ambaye sukari yake inaweza kushuka, ambaye wiki iliyopita ameanguka, hafungi, wala chakula wala maji. Maombi yaendelee, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na nimeona vile kijana anayeombewa na kutembelewa na watu wa kanisa lake anavyosimama vizuri kuliko aliyeachwa peke yake. Mwambie mchungaji wamuombee akiwa ameshiba, na kama inawezekana mchungaji mwenyewe awasindikize kwa dokta, vijana wengine wanamsikia yeye kuliko mama.

Dawa ya siri ya kutia kwenye chakula haipo, mama. Kuna watu watakuuzia, unga wa mizizi, matone ya kwenye chupa, na watakwambia usimwambie. Kwenye mwili ambao tayari una Tramadol na pombe, kuongeza kitu kisichojulikana ni kucheza na maisha yake, hata dawa za kweli za hospitali, kwa mfano zile za huzuni, zikikutana na Tramadol zinaweza kuleta homa, kutetemeka na mwili kukaza mpaka mtu alazwe. Na zaidi ya hayo, siku atakapojua hataamini tena sahani yako, na wewe ndo mtu aliyebaki naye.

Basi anaachaje? Kwa kushuka ngazi moja moja. Kwanza mjue ukweli wa kiasi, vidonge vingapi kwa siku na vya miligramu ngapi, bila hasira, maana ukimpigia kelele atakutajia nusu. Dokta anapanga kiasi hicho kwa masaa yale yale kila siku, halafu anakipunguza kidogo, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi kwa wiki au kwa wiki mbili, na wiki ikiwa ngumu mnasimama hapo hapo mlipo, hamrudi juu. Jelule za 50 ni rahisi kwa kazi hii kuliko vile vidonge vikubwa vya mtaani. Mtu mmoja wa nyumbani anazitunza na kumpa ya siku hiyo tu. Kuhara, maumivu na kukosa usingizi vina dawa zake, dokta atachagua, wewe usinunue Valium ili alale, utakuwa umefunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ila kwa kijana wako, kwa sababu ya degedege, mpango huu usianze nyumbani kabla hajachunguzwa. Huenda dokta akaona ni heri apunguziwe haraka akiwa kitandani hospitali, anafuatwa mchana na usiku.

Kulazwa kuna uzuri wake: yuko mbali na parkingi, kuna mtu usiku, degedege ikija inakutwa. Ubaya wake ni pesa, na kwamba akitoka anarudi kwenye barabara ile ile na wenzake wale wale. Kushuka akiwa nyumbani ni nafuu kwa mfuko na anajifunza kuishi bila dawa katika maisha yake ya kweli, lakini kunataka mtu wa kumsimamia kwa wiki nyingi, na kijana mwenyewe awe amekubali. Kama nyumbani hakuna mtu wa kukaa naye, ukiwa unaenda soko saa kumi na moja asubuhi na kurudi jioni, nasema wazi, kulazwa ni bora hata kama kwa muda mfupi.

Na usisahau mguu. Wengi wanamtoa mtu kwenye dawa na kuacha kile kilichomwingiza. Je, bado unauma? Mfupa ulishika vizuri, ama ulipona vibaya? Kuna Paracetamol, ingawa kwa mnywaji kiasi chake kipangwe na dokta juu ya ini, kuna Ibuprofen ya kumeza baada ya chakula kwa siku chache, na kuna mazoezi ya mwili yanayosaidia kuliko watu wanavyodhani, pale kwenye kituo cha Heri Kwetu wanafanya kazi hiyo hapa Bukavu.

Sasa sikiliza hii vizuri, juu ndo inayoua vijana ambao walikuwa wameshapona. Mtu akikaa wiki chache bila Tramadol, mwili unasahau ile nguvu ya kubeba kiasi kikubwa. Siku akirudia, na akanywa kile kile alichozoea zamani, hicho kiasi sasa ni kikubwa mno kwake na pumzi inasimama. Mwambie mapema, akiwa mzima, tena mbele ya ndugu zake. Kumwambia siyo kumfundisha kurudia, kurudia kunatokea kwa wengi kwenye ugonjwa huu, mara moja au mara kadhaa, na atakayerudia akijua hilo ana nafasi ya kufika kwako akiwa hai. Akirudia usimfukuze nyumbani. Mrudishe kwa dokta yule yule, mtaanza pale mlipofika.

Umeniuliza kama alishapotea. Hapana mama. Ana miaka 23, anafanya kazi, anarudi kulala nyumbani, na anapata aibu ya kuficha plakete kwenye jaketi. Waliopotea kweli hawafichi tena. Nimeona watu waliokuwa wanakunywa plakete nzima kwa siku na leo ni mababa wa familia, ilichukua muda mrefu, wengine zaidi ya mwaka, lakini walitoka. Kitakachomchelewesha ni kama nyumba itaendelea kugawanyika, mmoja na kufuli, mwingine na pepo, mwingine na maziwa. Kaeni wakubwa wote siku moja bila yeye, mkubaliane njia moja, ndo mumwite.

Ukimwita usianze na plakete. Anza na ule mwanguko. Huenda hakumbuki chochote cha asubuhi ile, mtu wa degedege anaamka na kuona watu wamemzunguka basi. Mweleze ulichokiona, polepole, na mwambie uliogopa. Kijana anayebisha habari za dawa mara nyingi habishi habari za mwili wake kuanguka, na kwa mlango huo atakubali kwenda kuchunguzwa kichwa. Akishafika mbele ya dokta mengine yatatoka. Akisema amechoka na maisha, au anaona bora afe, usichukulie kama maneno ya ulevi, hapo ni kumpeleka siku hiyo hiyo na kutomwacha peke yake.

Kwa Bukavu, mlango wa kwanza unaweza kuwa Hospitali Kuu ya Mkoa au Panzi kwa sababu ya degedege, na kwa utumwa wa dawa wenyewe kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, ile ya Mafurere wa Charité (watawa Wakatoliki), wanapokea watu wa madawa na pombe, si "wazimu" tu kama watu wanavyosema mtaani. Wanaosoma hii wakiwa Goma, kuna Tulizo Letu, nayo ni ya Mafurere hao hao. Hata kituo cha afya cha mtaa kinaweza kuanza na kuandika barua ya kumpeleka mbele, usikae nyumbani kwa sababu huna pesa ya hospitali kubwa.

Siku ya kwenda mbebe plakete zote mlizokuta, hata tupu, na dawa nyingine yoyote anayokunywa. Mbebe karatasi za hospitali za ule mguu kama bado zipo. Aliyemuona akianguka awepo, kama ni wewe basi wewe, maana dokta atauliza ilianza upande gani wa mwili, ilidumu muda gani, aliuma ulimi, alichukua muda gani kurudi kwenye akili. Asubuhi hiyo asiache dawa zake kwa ghafla eti aende akiwa safi. Anywe chai, ale mkate, na apande moto ya mtu mwingine, wewe ukiwa nyuma yake.